Shangazi na Vipande Vinne

Siku ya kwanza alipoingia maabara alikabidhiwa beseni, brashi yenye mpini mrefu, na rundo la chupa za kioo lililomfika kiunoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ana mabinti pacha wa miezi minane aliowaacha kwa mama mkwe, na cheti cha sekondari ambacho hakupenda mtu aulize alama zake. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa moja tu: kuosha vyombo.

Msimamizi wa wakati ule, mtu wa maneno machache, aliinua chupa moja mbele ya dirisha akaitazama kwenye mwanga. "Hapa chupa chafu ni uongo," akamwambia. "Ukiacha sabuni ndani, sisi huku tutauandika uongo huo na kuutia sahihi."

Maneno yale yalimwingia. Wengine waliposuuza mara tatu, yeye alisuuza mara saba. Mwaka wa pili akaanza kuuliza chupa zinatiwa nini. Mwaka wa nne akawa anapika chakula cha bakteria, kukimimina kwenye sahani, kupima tindikali, kuzungusha mirija kwenye mashine. Alipofikisha miaka kumi na minane kazini, hakuna mwanafunzi aliyetoka jengo lile na shahada bila kwanza kufundishwa na yeye namna ya kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupimia matone. Wote walimwita Shangazi, hata wenye ndevu za mvi waliomzidi umri. Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, alimwita Mama Pacha.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wasomi. Katika mfuko wa koti lake jeupe alibeba daftari la shule la kurasa tisini na sita. Humo aliandika kila alichokiona ambacho hakuna aliyemtuma akione: chupa ipi imebadilika rangi, sahani ipi imenuka tofauti, siku gani umeme ulikatika. Daftari likijaa alinunua jingine. Kabatini kwake yalikuwa yameshafika thelathini na moja.

Basi mwaka ule akaja Profesa mpya, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, mdogo kwa Shangazi kwa miaka sita. Alikuja na bakteria wake ndani ya kichupa, waliotolewa kwenye tope la mfereji wa kiwanda cha maziwa.

"Hawa viumbe wana mkasi, Shangazi," Profesa alimweleza asubuhi ya kwanza, wakiwa wamesimama kando ya sinki. "Sukari ya maziwa ni punje mbili zilizoshikana. Mtoto mchanga ana mkasi wa kuzikata tumboni mwake. Watu wazima wengi mkasi huo huwapungua, sukari inashuka nzima nzima hadi utumbo mpana, inachacha huko, na tumbo linaanza kunguruma."

"Na mkasi wenyewe ndio kimeng'enya."

"Ndio huo. Kiwanda kinataka kukata sukari kabla maziwa hayajatiwa kwenye pakiti. Na kinataka kuikata kwenye joto la nyuzi sitini, ili maziwa yasiharibike yakisubiri. Lakini kimeng'enya chetu, kwenye nyuzi sitini, dakika kumi na tano hoi."

"Basi kitengenezwe."

Profesa akacheka. "Nitatengenezaje kitu nisichojua kimekaaje? Huwezi kukarabati nyumba uliyosimuliwa tu na jirani."

Ili kuijua nyumba ile ilibidi kwanza kupata fuwele. Kimeng'enya ni kitu kidogo mno, hadubini haikioni. Lakini kikisafishwa, kisha maji yake yakipunguzwa polepole sana, vimeng'enya mamilioni kwa mamilioni hujipanga safu kwa safu kama askari kwenye gwaride, vikawa fuwele moja. Fuwele hiyo ikipigwa miale ya eksirei, namna miale inavyotawanyika humwambia mtaalamu umbo lilivyo. Kazi ya kupata fuwele akapewa Shangazi. Kila wiki aliandaa trei zenye vishimo ishirini na vinne, juu ya kila kishimo kioo chembamba chenye tone dogo linaloning'inia, ukingo umezibwa kwa grisi ili hewa isipite. Trei zilikaa kwenye kabati la baridi, jipya, la bei mbaya, lenye taa za kijani.

Miezi kumi na minne ilipita. Matone mengine yalibaki maangavu kama machozi, mengine yakageuka tope. Fuwele, hakuna.

Katika kundi lao alikuwamo daktari kijana wa sayansi, mwenye akili kama wembe, ambaye hakuwahi kuonekana akivaa glavu. Kutwa alikuwa ghorofa ya juu mbele ya skrini tatu, na kwa hiyo wakambandika jina la Kompyuta.

"Tunasumbukia fuwele za nini?" alisema siku moja kikaoni. "Mashine yangu imeshakisia umbo."

"Imekisia kipande kimoja," Profesa akamjibu. "Kimeng'enya hiki ni vipande vinne vilivyokumbatiana. Mimi nataka kuona vinavyokumbatiana."

"Na tusipopata?"

Profesa alitazama kalenda. Nafasi yao kwenye mashine kubwa ya eksirei, safari ya siku nzima kwa ndege, ilikuwa moja kwa mwaka, na mwaka ule ilikuwa imebaki miezi miwili.

Jumanne ya wiki iliyofuata, Baba Pacha alipita maabara mchana kumletea mkewe miwani aliyoisahau nyumbani. Fundi ni fundi. Hakuweza kupita mbele ya kabati la baridi bila kuligusa. Akaweka kiganja ubavuni mwa kabati, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama Pacha, hili dude lina kwikwi."

"Ni jipya hilo."

"Upya si uzima. Weka mkono. Likiwaka linatetemeka, likizima linatetemeka. Kila dakika nane. Wewe ungepata usingizi ukilazwa juu ya tumbo la mtu mwenye kwikwi?"

Shangazi aliweka mkono. Akausikia mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma. Miezi kumi na minne alikuwa akiwaambia askari wale wajipange safu huku ardhi inatikisika chini ya miguu yao.

Hakusubiri kikao. Ghorofa ya chini kulikuwa na stoo ya zamani, kuta nene, haina dirisha, haina mashine jirani. Kwa siku saba alipima joto mle mara tatu kwa siku, akaandika kwenye daftari. Halikupanda wala kushuka hata nyuzi moja. Akaenda kwa Profesa na namba zake. Profesa alizisoma mara mbili, akampa ufunguo. Shangazi akatandika rafu kwa kipande cha godoro la sponji, akapanga trei mpya sita, akafunga mlango, akakataza mtu kuingia. Hata Profesa mwenyewe alipobisha alijibiwa, "Wamelala, njoo wiki ijayo."

Siku ya kumi na moja alitoa trei ya kwanza, akaiweka chini ya hadubini. Tone la kwanza tupu. La pili tupu. La tano likamfanya aondoe jicho, afute miwani, arudishe jicho. Ndani ya tone kulikuwa na vipande vitatu vyenye pande zilizonyooka, safi, kama vimechongwa na sonara. Akakaa chini. Akasimama. Akatazama tena, vilikuwa bado vipo. Ndipo akapiga kigelegele kilichopanda ngazi ghorofa zote tatu, na Profesa akashuka mbio ameshika kizimamoto.

"Moto uko wapi?"

"Uko hapa, mwanangu! Tazama!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu, na Profesa, akiwa ameinama kwenye hadubini, kizimamoto bado mkononi, hakulalamika.

Kompyuta naye alifika, akachungulia. "Huenda ni chumvi tu," akasema. Hayakuwa maneno ya ovyo. Chumvi za maabara nazo hutengeneza fuwele, na wengi wameshasherehekea chumvi.

Shangazi alichukua sindano nyembamba kuliko unywele. Fuwele tatu, akaitoa kafara moja. Aliigusa, akaibonyeza. Chumvi ingepasuka kwa ukaidi, kama kokoto. Hii ilivunjika taratibu, kama sabuni iliyolowa.

"Chumvi hiyo?" akauliza.

Kompyuta alinyanyua mikono. "Nimenyamaza, Shangazi."

Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa na fuwele arobaini. Shangazi alizinasa moja moja kwa kitanzi cha uzi, akazitosa kwenye naitrojeni iliyogeuzwa maji, inayofuka baridi, na Profesa akasafiri nazo amekumbatia chupa kama anabeba mtoto. Aliporudi, ilichukua wiki tano za hesabu, kazi ambayo Kompyuta aliifanya bila kulala vizuri na bila kulalamika. Kisha siku moja saa nne asubuhi aliwaita wote juu, akawasha skrini.

Pale Shangazi alikiona, kwa mara ya kwanza, kitu alichokiosha, kukipika na kukipima bila kukiona. Minyororo minne, kila mmoja una shanga elfu moja na zaidi, kila ushanga ni asidi amino moja, na kila mnyororo umejikunja na kujiviringisha hadi ukawa bonge. Mabonge manne yameshikana, na kwenye kila bonge kuna mfuko mdogo ambamo sukari huingia nzima na kutoka imekatwa.

"Kumbe mkasi wetu ni mzuri hivi," alisema kwa sauti ndogo.

Sasa kazi ya ufundi ikaanza. Jeni ni kama maelezo ya mshono. Ukibadilisha herufi chache, bakteria watashona kimeng'enya chenye ushanga tofauti mahali unapotaka. Kompyuta aliamini udhaifu uko kwenye ule mfuko wa sukari. Akachagua mabadiliko saba. Shangazi aliyatengeneza yote saba, kila moja wiki tatu za kazi. Manne hayakukata sukari hata kidogo. Matatu yalikata, lakini kwenye nyuzi sitini yalikufa dakika kumi na tano zile zile.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa kama kikao cha wafiwa. Profesa alizungusha kalamu. Kompyuta alitazama meza. Shangazi, ambaye kikaoni kazi yake siku zote ilikuwa kusema trei ngapi zimebaki, alikohoa.

"Nina jambo. Huenda ni la kipuuzi."

"Sema."

Alifungua daftari. "Mirija mnayoichemsha huwa mnaniachia sinkini. Mimi kabla ya kuosha huwa naipima, basi tu, mazoea yangu. Natia yale maji yetu yasiyo na rangi. Kimeng'enya kikiwa hai, maji yanageuka njano. Ikiwa mirija imetoka kwenye joto sasa hivi, hakuna njano. Lakini ile iliyokaa kwenye baridi hadi kesho yake, njano inarudi. Si yote. Kama nusu. Nimeiandika mara kumi na tisa."

Kompyuta alitikisa kichwa. "Shangazi, protini ikishakufa kwa joto imekufa. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi."

"Ndiyo maana nasema hakijafa."

"Sasa kimefanya nini?"

Shangazi alinyoosha kidole kwenye picha ukutani, kwenye mabonge manne. "Vimeachana. Kila kimoja kizima, ila kimerudi kwao. Joto likipungua, baadhi vinapatana tena. Sisi tumekuwa tukitibu tumbo, na ugonjwa uko kwenye ndoa."

Profesa alicheka hadi akaweka kalamu chini. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akasimama. "Fanya sasa hivi. Mbele yetu."

Akafanya. Mirija sita kwenye joto, robo saa, njano hakuna. Mirija hiyo hiyo kwenye baridi. Kesho yake saa tatu, wakiwa wote watatu wamesimama mbele ya kaunta kama wanaosubiri matokeo ya mtihani, alitia tone moja moja. Mirija sita ikageuka njano, rangi ya kiini cha yai. Kompyuta aliinua mrija mmoja kwenye mwanga. Halafu akasema jambo ambalo Shangazi alimheshimu kwa ajili yake tangu siku ile: "Nilikuwa nimekosea, na nimekupotezea miezi mitano. Nionyeshe hilo daftari."

Aliondoka nalo, akarudi kabla ya chakula cha mchana na picha ya mahali mabonge yanapogusana. Hapo shanga mbili, moja ya bonge hili na nyingine ya bonge lile, zilikuwa zinatazamana kama majirani wasiosalimiana. "Tukiweka hapa shanga zenye salfa," alisema, "salfa mbili zitashikana zenyewe. Kifungo na tundu lake."

Herufi zikabadilishwa. Bakteria wapya wakamea kwenye sahani, vidoa vya buluu, dalili kwamba mkasi unafanya kazi. Shangazi akawakuza, akawapasua, akasafisha kimeng'enya chao, akakitia kwenye joto. Dakika kumi na tano. Akatia maji. Wakasubiri.

Hakuna njano.

Kompyuta alikuwa ameshuka maabara kwa mara ya kwanza akiwa amevaa glavu, tena ya kushoto mkono wa kulia. Alisimama pale ameloa jasho, akivuta pumzi, kisha akakunja pua. "Samahani, nini kinachonuka kama yai viza?"

"Ile dawa," Shangazi akamjibu. "Tunaitia kila tunaposafisha. Tangu enzi. Usipozoea harufu yake hutakaa humu."

"Dawa ya kufanya nini?"

"Ya kuzuia salfa zisi..." Shangazi aliinua macho. Wakatazamana.

"...zisishikane," Kompyuta akamalizia.

"Mungu wangu. Tumeshona vifungo, halafu tunavifungua kwa mikono yetu wenyewe!"

Walicheka mpaka machozi, na mwanafunzi mmoja aliyepita mlangoni alidhani wamevuta kitu. Wiki hiyo Shangazi alisafisha kimeng'enya upya bila tone la yai viza, akakiacha kipumue hewa siku mbili ili salfa zishikane. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mirija ikaingia kwenye joto. Robo saa: njano. Saa moja: njano. Saa mbili: njano. Saa saba mchana, baada ya saa nne kamili kwenye nyuzi sitini, Shangazi alitoa mrija wa mwisho, akatia tone. Rangi ilikuja kwa kasi ile ile ya asubuhi, kana kwamba joto lenyewe halikuwapo.

Profesa alimkumbatia, glavu kwa glavu. Kompyuta alijaribu kupiga kigelegele. Ilitoka sauti ya jogoo mgonjwa, na hakuna aliyemkataza.

Miezi mitano baadaye, kimeng'enya kikiwa kimeshapimwa na kuruhusiwa, walikwenda kiwandani. Tangi la lita elfu moja, maziwa kwenye nyuzi sitini, na kimeng'enya chote walichokitia kingejaza chupa moja ya soda. Msimamizi wa matangi, mwanamume mnene mwenye buti nyeupe, alipima sukari kila nusu saa na kusoma namba kwa sauti. Kwenye saa ya tatu alisoma namba, akapima tena. "Asilimia tisini na sita ya sukari imekatwa," akasema. Wakapooza kikombe kimoja, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeonja sumu.

"Nani ametia sukari humu?"

"Hakuna aliyetia," Profesa akamwambia. "Ni sukari ile ile. Ikikatwa inakuwa tamu zaidi mdomoni."

Yule bwana akakitazama kikombe. "Mimi nina miaka ishirini na saba humu ndani," alisema. "Maziwa nayachunga, siyanywi. Nikinywa nusu kikombe, nyumbani wanafungua madirisha." Kisha, kabla hajashauriwa, akakigida chote. Akajifuta mdomo, akavuta kiti hadi karibu na mlango wa choo, akaketi. "Tahadhari tu," alisema.

Waliketi naye. Saa moja ikapita, wakipiga soga. Saa mbili. Msimamizi alijipapasa tumbo, akasikiliza, akajipapasa tena. Halafu akasimama, akarudisha kiti mahali pake, na kwa heshima zote akaomba kikombe cha pili.

Makala ilipoandikwa, Kompyuta ndiye aliyesema jina la Shangazi litangulie lake. Profesa akakubali, akaweka vidole kwenye kibodi, kisha wote wawili wakatazamana kwa aibu. "Shangazi," Kompyuta akauliza, "kwani wewe hasa unaitwa nani?" Akawatajia herufi moja baada ya nyingine, taratibu, ili wasikosee.

Mwaka uliofuata alisimama mbele ya ukumbi wenye wataalamu mia tatu, kwenye viatu vipya vilivyombana, akawaeleza jinsi vipande vinne vilivyoachana na kupatanishwa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimuuliza amesomea chuo gani. "Sinki," akajibu, "miaka ishirini na ushei." Ukumbi ulisimama wote. Mabinti zake pacha, waliokuwa wameketi nyuma na baba yao, walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baba Pacha alimweleza kila aliyeketi karibu naye, bila kuulizwa, kwamba kwikwi ya lile kabati aliigundua yeye.

Na maziwa yakaingia madukani. Jumamosi moja Shangazi alikuwa kwenye foleni na kikapu chake. Mbele yake mwanamke mmoja asiyemjua aliweka pakiti nne kwenye kaunta, akawa anamsimulia muuzaji kwa furaha kwamba tangu utotoni hajawahi kunywa maziwa akabaki salama, na sasa anayanywa kila asubuhi, na amekuwa mtu mwingine.

Shangazi hakujizuia. Akamgusa bega. "Dada, hayo maziwa nimeyatengeneza mimi."

Yule mwanamke aligeuka, akamtazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwa, akatabasamu kwa upole wote. "Haya mama," akasema. "Na mimi ndiye niliyelitia jua moto."

Shangazi aliangua kicheko, akacheka na yule mwanamke, muuzaji akacheka nao, na mpaka anafika barabarani na pakiti yake mkononi alikuwa bado anacheka.